Simu Zisizoita

Nachingwea, 11 Novemba

Mwalimu Nuhu anasema fundi asiyeandika siku zake atakuja kubishana na kumbukumbu yake mwenyewe. Basi naandika. Na mwingine akisoma humu ajue mapema kwamba mimi Brigita ni mwoga. Naogopa radi, naogopa nyoka, naogopa sindano, na kuliko vyote naogopa programu inayokubali mara ya kwanza.

Leo imekubali mara ya kwanza.

Kompyuta yetu ya zamani iliungua mwezi uliopita, umeme ulipokatika kisha ukarudi kwa hasira. Tulichookoa ni nakala ya kanzidata kwenye flashi: wachangiaji damu wote wa Nachingwea na Ruangwa waliojiandikisha kwenye mradi wetu. Jina, kijiji, kundi la damu, namba ya simu. Mradi ukanunua vikompyuta viwili vidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, vinavyotosheka na umeme wa jua. Kimoja cha hapa, kimoja cha kituo cha afya kule Ruangwa. Kazi yao ni moja tu. Mama akitokwa na damu nyingi, nesi anabonyeza kundi la damu, na chenyewe kinapiga simu na kutuma ujumbe kwa kila mwenye kundi hilo. Huku benki ya damu ni watu wenyewe, wanatembea.

Ila prosesa ya hivi vidogo, ubongo wenyewe, ni ya aina nyingine kabisa. Programu aliiandika Mwalimu Nuhu miaka minane iliyopita, akiwa bado anafundisha hesabu, na aliiandika kwa ajili ya prosesa ya kompyuta ile iliyoungua. Kwenye laptopu yangu haitaki hata kufungua faili. Nikaihamishia kwenye hivi vidogo, nikaijenga upya, nikasubiri makosa. Hakuna hata moja. Majina yamekuja, vijiji vimekuja, makundi yamekuja.

"Furahi basi, Brigita," Mwalimu akasema.

Nimejitahidi, furaha haijaja.

Ruangwa, 14 Novemba

Nimefunga kikompyuta kituoni. Nesi Fatma, mkunga, amekifunika kitambaa cha kudarizi kama redio ya bibi harusi.

Nimelala Nandagala kwa mdogo wangu Dionisia. Ana mimba ya miezi saba. Damu yake ni O hasi, na mwenye O hasi hapokei damu nyingine yoyote ila O hasi. Uzazi wa kwanza alimwaga damu mpaka midomo ikawa myeupe, akaokolewa na mzee mmoja wa Nkowe, Abdala, aliyepigiwa simu na mradi huu huu. Mimi dada yake ni A chanya, damu yangu haimfai kitu. Nilimwambia kwenye kanzidata wenye O hasi wa upande wa Ruangwa wako wanne: Abdala, Hassani, Mwanabibi na Hajra.

"Wanne wote hao?" akacheka. "Dada, mimi nataka mmoja tu."

19 Novemba

Joto. Magari ya korosho usiku na mchana, vumbi mpaka kwenye chai. Hakuna jipya.

26 Novemba

Nesi Fatma amepiga simu saa mbili asubuhi, sauti imekauka.

Jana kaletwa mama mmoja kutoka Mbwemkuru, Zuleha. Amejifungua salama, kisha damu ikaanza na haikutaka kusimama. O hasi. Fatma akabonyeza. Aliyekuja ni Hassani peke yake, kutoka Nandagala, na baiskeli, jasho linamtiririka. Lakini Hassani alikuwa ametoa damu mwanzoni mwa mwezi huu huu kwa majeruhi wa bodaboda. Hawakuweza kumtoa tena. Alikaa nje ya wodi akisema, "Nitoeni tu, mimi nina nguvu." Watatu wengine kimya. Kikompyuta kimeandika mbele ya kila mmoja: haikupatikana.

Zuleha amefariki alasiri. Mtoto yuko hai.

"Watu wa Nkowe bwana," Fatma akasema, "wakisikia habari za damu wanazima simu. Siku ya kujiandikisha walikuja kwa sababu kulikuwa na soda."

Na mimi nikasema ndiyo. Naandika kama nilivyosema: Mungu anawaona. Abdala alimwokoa mdogo wangu, nikadhani ni mtu. Huyo Hajra anayekaa palepale Nkowe, na huyo Mwanabibi, simu zao wanazishika za nini?

Nimekaa nimeshika tumbo langu kana kwamba mwenye mimba ni mimi. Dionisia anajifungua Januari.

27 Novemba

Sijala.

3 Desemba

Mvua ya kwanza. Na pamoja nayo, balaa.

Muuza dagaa wa hapa sokoni Nachingwea anatembeza simu yake kila kibanda. Siku ile ya Zuleha alikuwa amezima simu, alipoiwasha akaingiwa na ujumbe: "Ndugu Mwanabibi, damu yako inahitajika leo kituoni. Tafadhali fika haraka." Yeye ni mwanamume mwenye ndevu, si Mwanabibi, hajawahi kujiandikisha popote, wala hajui namba yake tumeitoa wapi. Mwanzoni alicheka. Leo hacheki, maana watu wamemwambia hao ni mumiani, wanaanza kwa kukuita kwa jina la mwingine, ukiitika tu wamekupata. Nilisimama pale na dagaa zangu nusu kilo, kitambulisho cha mradi kinaning'inia shingoni. Nikakigeuza, kisha nikakivua, nikakitia kwenye mfuko wa dagaa.

Mvua imenikuta njiani na sikukimbia. Ujumbe wa Mwanabibi umefikaje kwa mtu huyu?

4 Desemba

Nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nimeziangalia namba zenyewe kwa macho yangu. Kikompyuta hupiga chenyewe, kwa hiyo hakuna mtu anayezisoma. Majina tuliyatazama, makundi tuliyatazama. Namba nani azitazame?

Ya Hassani iko sawa. Ya Mwanabibi inaanza na sita vizuri kabisa, namba ya kawaida machoni, ila ni ya muuza dagaa. Ya Abdala haina tarakimu za kutosha. Ya Hajra hakuna mtandao duniani wenye namba ya namna ile.

Nikaendelea kushuka kwenye makundi mengine. Nzuri, nzuri, mbovu, nzuri, mbovu, mbovu. Hapana mpangilio.

Programu inayoanguka ni rafiki yako, inakuambia imeumia. Hii haikuanguka. Ilipiga namba za hewani, ikajibiwa kwamba hakuna kitu, ikaandika haikupatikana, na sisi tukaamini. Huku kwetu nani hushangaa mtu wa kijijini akikosa kupatikana? Ubovu umejificha kwenye shida tuliyoizoea.

Nimemwambia Mwalimu Nuhu. Hakunyanyua kichwa. "Programu ile imefanya kazi miaka minane. Aliyeigusa mwisho ni wewe."

Ni kweli, na ndiyo maana narudi kuisoma upya.

9 Desemba

Nimesoma programu yote, mstari kwa mstari. Kila mstari ni sahihi. Naapa.

Mwalimu hanisalimii. Kiburi cha mtu mzima kibaya sana, ungedhani nimemtukania mke.

12 Desemba

Mvua. Dionisia kapiga simu, miguu imemvimba. Ananiuliza kama wale wanne bado wapo. Nimemwambia wapo. Baada ya hapo nikakaa chooni muda mrefu nikilia ili mwenye nyumba asinisikie.

16 Desemba

Kila mchangiaji hupewa kadi yake siku ya kujiandikisha, na namba yake ya simu imeandikwa kwa mkono. Sisi karatasi zetu zililiwa na mchwa zamani. Kwa hiyo ukweli wa namba uko kwa watu wenyewe, majumbani mwao. Nimekwenda Nkowe kumtafuta Abdala.

Sitaki kurudia safari hii. Kijana wa bodaboda aliposikia ni habari za damu alinishusha mwanzo wa kijiji. "Sista, mimi naishia hapa. Hawa watu wa huku siku hizi hawaelewi mtu." Nikaenda kwa miguu kwenye tope. Wanawake waliokuwa wakipanda mahindi walisimama, majembe mkononi, wakanitazama nikipita. Mtoto mmoja alikimbia ndani.

Mbele ya nyumba moja wamekaa wanaume watatu. Nikawaamkia, nikatoa kipande changu cha karatasi, nikasema, "Namtafuta mzee Chande."

Mmoja akaweka kikombe chini.

"Umetumwa na nani?" akauliza mwingine.

"Na mradi wa damu."

"Na huo mradi wa damu ndio umekufundisha kumwita mtu mzima jina la utotoni?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mimi ni Mmakonde, wazazi wangu walitoka ng'ambo ya Ruvuma, kwetu pia jina la utotoni linaachwa palepale jandoni na unyagoni, na anayekuita nalo ukubwani amekutukana mbele ya watu. Najua haya tangu nina akili. Lakini orodha ya namba kwenye skrini huonyesha jina la kwanza tu, la utotoni, nami nikalinakili kwenye karatasi na kulisoma kama kasuku.

"Nisameheni, wazee wangu. Namtafuta mzee Abdala."

"Ndiye mimi," akasema yule aliyeweka kikombe chini. "Sasa kaa. Unatetemeka nini?"

Nikamwambia mdogo wangu ni Dionisia wa Nandagala. Uso wake ukafunguka. Akaniuliza mtoto yule ana miaka mingapi sasa. Akaingia ndani akatoka na kadi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Namba ya kwenye kadi na ya kwenye kikompyuta haziko hata karibu. Nikapiga ya kwenye kadi palepale, simu ikaita kwenye mfuko wa shati lake.

"Mwezi uliopita ulikuwa hapa?" nikamuuliza.

"Niende wapi? Nilikuwa hapahapa. Siku hizi nina presha, sijui kama damu yangu bado mnaitaka, lakini ningekuja mkanikatalia wenyewe."

Nikaulizia Hajra. Kahamia shambani kwake, analinda mahindi yasiliwe na ngedere mpaka mavuno, namba yake ya simu hapa hakuna anayeijua, na mto umeshajaa. Mwanabibi yuko Masasi kwa binti yake.

Nimerudi na aibu mbili. Ya jina, na ya yale niliyoyaandika humu tarehe ishirini na sita.

17 Desemba

Mbu. Homa kidogo. Nafikiria majina.

19 Desemba

Naandika polepole nisikosee.

Nilitenga waliopatwa na ubovu na waliosalimika, wa makundi yote. Waliosalimika wengi wana jina moja tu: watoto wa misheni, wahamiaji, vijana wa mjini. Waliopatwa wote, bila kubakiza, wana majina mawili, la utotoni na la ukubwani. Nikaruka kitini. Kisha nikakuta Hassani. Hassani ana majina mawili, na namba yake ni nzima. Nikakaa tena.

Nikampelekea Mwalimu Nuhu karatasi, nikiwa tayari kutukanwa. Akaitazama muda mrefu.

"Jina la pili halikuwemo mwanzoni," akasema. "Nililiongeza mwaka wa pili."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Nesi mmoja mgeni alimpigia mzee wa watu, akamwita jina la kitoto, spika wazi, wakwe zake wamekaa. Yule mzee akakata simu. Hakuchangia tena. Mimi ni Mmwera, nilijua amefanyiwa nini. Nikaona kanzidata yangu inatukana watu. Nikalitafutia jina la pili nafasi, hapa katikati, kabla ya namba ya simu. Kwa mwenye nalo tu, ili kuokoa nafasi."

"Umeliweka vipi?"

"Baiti moja, yaani nafasi ya herufi moja, ya kusema lina herufi ngapi, halafu herufi zenyewe. Kisha namba inafuata."

Hapo tukatazamana.

Prosesa ya zamani ilisoma namba popote ilipoanzia. Hii mpya inasoma baiti nne nne na inataka namba ianzie kwenye mpaka wa nne: sifuri, nne, nane, kumi na mbili. Ukiipa namba iliyoanzia katikati haikatai. Inarudi nyuma mpaka kwenye mpaka, inachota nne zilizopo pale, inazizungusha, inakuletea kama namba ya mtu. Ni kama fundi anayekata kitenge kwa kufuata mikunjo ya dukani badala ya chaki uliyochora. Kitambaa ni chako, lakini gauni si lako.

Asiye na jina la pili, namba yake ilikuwa mpakani tangu mwanzo. Abdala ana herufi sita na baiti ya hesabu, jumla saba: namba imesukumwa katikati. Mwanabibi tisa na moja. Hajra tano na moja. Na Hassani?

Mwalimu alihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. "Saba na moja. Nane."

Nane ni mpaka. Hassani, mtu mwema wa Nandagala ambaye huja kila akiitwa, huja kwa sababu simu yake huita. Na wale tuliowaita watu wabaya hawakuwa na kosa ila majina waliyopewa walipokuwa watu wazima.

Mwalimu Nuhu alivua miwani. "Nilitaka wasitukanwe," akasema. "Hilo tu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia tangu tarehe nne, nimeyatunga na kuyapanga. Yote yalinitoka. Nikamchemshia chai.

23 Desemba

Imerekebishwa. Namba sasa inahamishwa baiti moja moja mpaka mahali palipo mpakani, ndipo inasomwa. Mistari michache tu. Namba ya Abdala imetoka kama ya kwenye kadi. Ya Mwanabibi nimepiga, kaitika mwenyewe kutoka Masasi. Ya Hajra imesimama kamili, lakini sikuipiga. Nimeinua simu mara kadhaa nikairudisha mezani. Nilimwogopa mtu ambaye sijamwona.

Sasa naogopa hata kilicho sawa. Nimejaribu majina ya herufi moja hadi ishirini na bado naota namba zinageuka zikiwa zinanitazama.

Kikompyuta cha Ruangwa bado kina ule ubovu. Hakipokei programu kwa simu, lazima mtu aende na flashi.

25 Desemba

Krismasi. Mvua kubwa. Misa sikwenda. Gari la Ruangwa limerudi njiani, maji yamevuka barabara.

28 Desemba

Nimefika. Flashi niliifunga kwenye nailoni nikaisokotea ndani ya kilemba. Kwenye kijito kimoja tulishuka wote, tukavuka tumeshikana mikono, maji kiunoni, mimi mkono mmoja kichwani kushika kilemba. Mama mmoja akaniuliza kama nimebeba hirizi. Nikamwambia ndiyo.

Nimefunga programu mpya. Nesi Fatma nimemweleza yote. Alikaa kwenye kitanda cha kupimia wajawazito akawa anakunja na kukunjua kile kitambaa cha kudarizi.

"Kwa hiyo siku ya Zuleha," akasema, "mimi nilikuwa nawalaani watu ambao hawajaitwa."

"Na mimi pia."

"Mume wake aliniuliza. Nikamwambia watu hawakupatikana." Akakikunja kitambaa tena. "Brigita, tusimwambie mtu. Sasa hivi mumiani imejaa midomoni. Wakisikia mashine ilikosea, hatochangia mtu hata tone. Akiuliza yeyote, sema mtandao. Mtandao kila mtu anaujua."

Alikuwa na sababu, hilo ndilo lililoniogopesha.

5 Januari

Nimeomba likizo, niko Nandagala kwa Dionisia. Mustafa anasema, "Shemeji, ukiendelea kumtazama mke wangu hivyo atazaa kwa hofu." Nimeambiwa nikapepete mchele.

7 Januari

Radi. Hakuna jipya. Nimekwenda kituoni nikakijaribu kikompyuta kwa namba yangu, kisha nimekifuta vumbi, kisha nimekijaribu tena. Fatma kanifukuza.

9 Januari

Uchungu ulianza alfajiri. Saa nne mtoto wa kike akatoka, akalia vizuri, tukacheka wote, Mustafa akaanza kupiga simu kwao. Kisha Fatma akaacha kucheka.

Niliiona damu kwenye kanga. Sikuwahi kujua mtu mdogo kama Dionisia ana damu nyingi hivyo ndani yake. Fatma alikuwa anamkanda tumbo kwa mikono yote miwili, akaniambia bila kugeuka, "Bonyeza."

Nikabonyeza O hasi.

Nilisimama mbele ya kile kipande cha sabuni, Mungu anisamehe, nikakiomba kama watu wanavyoomba mizimu. Hassani: imeita, amepokea. Mwanabibi: imeita, amepokea, yuko Masasi, barabara imekatika. Abdala: imeita, amepokea. Hajra: imeita. Imeita. Imeita. Nikakumbuka zile herufi tano na ile moja, nikakumbuka kila mstari niliouandika, nikaona wazi kabisa kwamba nimekosea mahali na mdogo wangu anakufa kwa mkono wangu.

Amepokea.

Nikanyakua simu ya kituo nikampigia mwenyewe. "Dada Hajra? Nazungumza kutoka kituo cha afya Ruangwa. Kuna mzazi anatokwa na damu."

"Nani?"

"Dionisia. Wa Nandagala."

"Simjui," akasema. Nyuma yake nilisikia mvua inapiga bati. "Niko shambani, mto umejaa. Nitavukia juu kwenye mawe. Mwambieni asilale."

Akakata.

Hassani alifika kwanza, na kadi yake mkononi, miezi mitatu bado. Safari hii hakubishana, alichukua baiskeli akaenda kumngojea Hajra barabarani. Abdala alikuja, wakampima presha, wakamkatalia, akakaa kwenye benchi na kofia yake magotini. Dionisia alikuwa ananiita mama. Mama yetu alishakufa. Kila aliponiita hivyo nilijibu abee.

Hajra aliingia akiwa amelowa mpaka nywele, tope mpaka mapajani, amejifunga kaniki nyeusi. Hakuwa mkubwa kunishinda. Akanyoosha mkono mezani kabla hajaambiwa. Wakapima, wakalinganisha, wakatoa. Sikuweza kuutazama ule mrija, lakini niliutazama, na ulipoanza kumwingia Dionisia nilihesabu matone mpaka Fatma akanishika bega akasema, "Inakata. Damu inakata. Kaa chini kabla hujaanguka."

Nikakaa chini sakafuni.

10 Januari

Dionisia amekunywa uji. Midomo imerudi rangi. Mustafa analia kila anapomwona mtu, hata mfagiaji.

Hajra alilala kituoni. Asubuhi nimempelekea chai na mihogo kwenye benchi la nje. Mvua imepumzika. Nilimwamkia, nikamshukuru, nikamshukuru tena, mpaka akacheka kidogo akasema inatosha, hajaleta mahari. Nikamuuliza ile kaniki ni ya msiba wa nani.

"Mwenzangu wa unyagoni," akasema. "Tulichezwa pamoja. Mimi na yeye tulitolewa nje siku moja, siku moja tukapewa majina. Yeye akaolewa Mbwemkuru. Alikufa mwezi wa kumi na moja na uzazi. Nilipata habari wameshazika."

Kikombe changu niliking'ang'ania kwa mikono miwili.

"Zuleha," nikasema.

"Unamjua?" Akanigeukia. "Watu wamesema alifia hapa. Jana ulivyoniambia mzazi, damu, nimekuja njia nzima nikifikiria. Sisi tulipimwa pamoja naye, tukacheka kwamba mpaka damu yetu moja." Akaweka chai chini. "Siku ya Zuleha, mlinipigia?"

Dirishani nilimwona Fatma amesimama. Alikuwa amesikia. Alinitazama, na neno lilikuwa tayari kinywani mwangu. Mtandao. Angeliamini. Angetikisa kichwa, angelaumu mvua na minara, angeondoka zake shambani na moyo wake mzima, na tungemwita tena siku nyingine, akaja. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata jana.

"Hatukukupigia," nikasema. "Mashine ilipiga namba isiyo yako. Kosa lilikuwa kwetu, kwenye mashine niliyoifunga mimi. Simu yako haikuita."

Abdala, ambaye naye alilala kituoni na alikuwa upande wa pili wa benchi, akavaa kofia yake akasogea mbali.

Hajra alifungua fundo la kaniki, akatoa simu yake, ndogo, ya vitufe, imefungwa mpira. Akaipangusa tope. Akaiweka kwenye benchi katikati yetu.

"Haya," akasema. "Ipigie sasa."

Nikaenda ndani. Nikachagua jina lake peke yake. Nikabonyeza. Nikarudi mlangoni.

Simu ikaita palepale kwenye benchi, kwa sauti kubwa, jina la kituo linawaka. Hajra aliitazama. Hakuigusa. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe.